Ovaroli Thelathini za Itundwe

Morogoro
27 Novemba 2023

Mwalimu Benjamini,

Shikamoo.

Nimefika salama, ingawa basi lilipata pancha mbili kabla ya Manyoni. Nawashukuru wewe na Mama kwa wiki mbili mlizonilea hapo Itundwe kama mtoto wenu. Yule kuku ambaye Mama alimfunga miguu akanipakatisha bila kuniuliza naye amefika hai. Abiria wenzangu hawakumpenda.

Sasa kazi yetu. Ovaroli thelathini nyeupe unazo, na glavu jozi thelathini. Watakaovaa ni wale thelathini tulioandika majina yao, kumi na wanane wanawake, kumi na wawili wanaume. Kuanzia siku ya kwanza ya kuchuma tumbaku, kila jioni naomba upite nyumba kwa nyumba uandike kwenye fomu mambo mawili tu: kama mtu alivaa, na kama aliumwa kichwa, alipata kizunguzungu au alitapika. Nilivyoeleza siku ya mkutano, jani bichi likiloa umande, nikotini yake huingia mwilini kupitia ngozi. Nyinyi mnasema "tumbaku imenipanda." Mimi nataka kujua kama vazi linaweza kuizuia isipande.

Fomu zije kwa basi kila baada ya wiki mbili. Na kwa kuwa simu hapo hushika tu mtu akipanda kichuguu cha nyuma ya zahanati, nakuomba uniwekee na barua, uniandikie yale yasiyoenea kwenye fomu.

Ninatumaini wote watavaa. Dakta Damas, msimamizi wangu, ameniambia kwamba wakivaa chini ya watu ishirini utafiti hautakuwa na nguvu, na huenda nikarudia mwaka. Lakini Itundwe nimeiona kwa macho yangu, sina wasiwasi.

Binti yako,
Levina


Itundwe, Urambo
14 Januari 2024

Binti yangu Levina,

Marahaba, na mwangaluka, kama tunavyosalimiana huku! Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo kwa miguu, miezi mitatu. Barua yako imesafiri siku tisa, nayo haikubeba kitu. Basi tusilalamike.

Krismasi ilikuwa ya baraka. Kwaya yetu ya Moravian iliigiza kuzaliwa kwa Bwana, na mwaka huu malaika walipendeza kuliko miaka yote, weupe kuanzia utosini hadi kwenye nyayo. Mchungaji alitoa machozi. Asali ya Desemba nayo imekubali ajabu. Vijana wamerina mizinga ambayo zamani walikuwa wanaikimbia. Pokea dumu moja la lita tano kutoka kwa watu wa Itundwe, kwa shukrani ya ovaroli.

Uchumaji umeanza tarehe nne. Fomu nimezijaza kwa kalamu ya wino wa bluu kama ulivyoagiza. Watu thelathini, wote wamevaa, wote wazima. Nimefundisha hapa miaka thelathini na mmoja, na sijapata kuona darasa lililofaulu namna hii.

Watu wanauliza jambo dogo. Je, ile kofia ya ovaroli inaweza kushonewa wavu mbele ya uso?

Mama anakusalimu. Anauliza kuku alitaga?

Mimi Mwalimu wako,
Benjamini


Morogoro
25 Januari 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo sana.

Nimesoma fomu zako nimesimama palepale stendi ya mabasi, mizigo ya watu ikinipita kichwani. Thelathini kwa thelathini! Nilimpelekea Dakta Damas kesho yake. Yeye huwa hasifii mtu. Alizipekua moja moja, akavua miwani, akasema, "Levina, huyu mwalimu wako umempata wapi?" Nikasema, "Urambo." Akasema, "Mtunze."

Amenipa nafasi ya kutoa mada kwenye semina ya idara tarehe 16 Februari. Atakuwepo hata bwana mmoja wa kampuni inayonunua tumbaku; wanafikiria kuagiza ovaroli kama zetu elfu mbili kwa ajili ya wakulima wao. Fikiria, Mwalimu. Itundwe itavisha mkoa mzima.

Kuhusu wavu wa usoni, sikuelewa. Jani la tumbaku halirukii mtu usoni. Au ni mbu? Kama ni mbu, niambie idadi yao kwa asubuhi moja, hilo nalo linaweza kuwa jambo la kuandikwa.

Asali imegawanywa bwenini na imekwisha siku mbili. Sijaonja tamu kama hiyo. Kuku hakutaga. Samahani, Mwalimu, tulimla Mwaka Mpya.

Levina


Itundwe
8 Februari 2024

Binti yangu Levina,

Marahaba.

Habari za semina nimewasomea watu kanisani baada ya ibada. Wamepiga vigelegele. Wengine wamenitazama kwa namna ambayo sikuielewa, lakini hayo tuyaache.

Wavu ni kwa ajili ya wadudu kwa jumla. Usihesabu mbu.

Mahindi mabichi yamekomaa na mwaka huu nyani wametuheshimu. Kwa kawaida wiki hii huwa wanashuka kutoka msituni kama watu wanaokwenda mnadani. Kwa jirani yetu Jonasi hawajagusa hata bua moja. Wanafika ukingoni mwa shamba, wanakaa, wanatazama, wanarudi. Jonasi anauliza kama zinaweza kupatikana ovaroli nyingine kumi.

Fomu ziko ndani. Wote wamevaa, wote wazima.

Mvua ni nyingi, majani hayakauki hadi saa tano. Nakuombea kwenye mada yako. Simama wima, usiseme haraka, na usiviringe viringe kidole kwenye nywele kama ulivyofanya kwenye mkutano wa kijiji.

Benjamini


Itundwe
19 Februari 2024

Dada Levina,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Stela Nibizi. Huenda umenisahau. Ni fundi cherehani, kibaraza changu kiko karibu na kituo cha kununulia tumbaku, nami ni namba kumi na nne kwenye orodha yako. Mdogo wangu Magreth ni namba kumi na tano.

Sijui kuandika barua nzuri kama Mwalimu. Nitaandika ya kweli.

Siku ya kwanza ya kuchuma tulivaa watu ishirini na saba. Kufika saa nne walikuwa wamebaki wawili. Vazi lako ni bani, lile banda la moto la kukaushia tumbaku. Mtu anakauka ndani yake kama tumbaku, ila tumbaku haitoki jasho. Siku ya pili hakuvaa mtu, na tangu hapo hajavaa mtu shambani.

Usidhani tumezitupa. Vijana wanazivaa kurina asali, nyuki hawapenyezi mwiba. Ndiyo maana wanataka wavu. Wale malaika wa Krismasi ni ovaroli zako. Jonasi alijaza yake majani makavu akaisimamisha kwenye mahindi, na nyani wanaiogopa kweli. Hayo yote ni mazuri, hata mimi nilicheka. Mwalimu alikuwa anajua. Tulimwambia, "Andika kwamba hatuvai." Akasema, "Yule mtoto atarudia mwaka."

Nilinyamaza. Lakini Jumanne iliyopita Magreth alianguka katikati ya matuta. Alikuwa amechuma tangu alfajiri, nguo zimemgandia mwilini kwa maji ya majani. Alitapika mpaka akabaki anatapika upepo. Tulimpeleka zahanati kwa baiskeli, akawekewa dripu mbili. Ana mtoto wa miezi mitano. Siku mbili mtoto alilia njaa, kwa sababu mama yake hakuweza hata kukaa.

Ijumaa nilimkuta Mwalimu anajaza fomu. Nikaangalia namba kumi na tano. Ameandika: amevaa, mzima.

Nikamuuliza, "Mwalimu, huyu mzima ni Magreth yupi?"

Akaendelea na namba kumi na sita.

Simchukii. Amenifundisha kusoma, na mkono ninaoandikia barua hii ni yeye aliyeushika. Lakini kama wewe unasoma makaratasi hayo na kusema Itundwe hatuumwi, basi ugonjwa wetu umekufa kabla sisi hatujapona. Nimeona ujue.

Magreth sasa ananyonyesha. Anakusalimu.

Stela Nibizi


Morogoro
28 Februari 2024

Mwalimu Benjamini,

Shikamoo.

Stela ameniandikia.

Barua yake ilifika siku kumi na moja baada ya semina. Nilikuwa nimekwisha kusimama wima. Sikusema haraka, na nywele sikuzigusa. Nilionyesha chati yako ya thelathini kwa thelathini ukutani na watu wakapiga makofi. Yule bwana wa kampuni alinishika mkono akasema ataandika oda mwezi Machi.

Nilikaa na barua ya Stela siku nzima. Sitakuficha, Mwalimu, nilifikiri kuichana. Hakuna ambaye angejua. Ningepata shahada yangu, na wakulima elfu mbili wangepata mavazi ya kuvunia asali. Halafu nikamfikiria Magreth akiandikwa mzima, na wengine elfu mbili wakiandikwa hivyohivyo baada yake.

Nikaenda kwa Dakta Damas. Nilimwambia nikiwa bado mlangoni, kwa kuogopa kwamba nikikaa kwenye kiti nitashindwa.

"Data zangu si za kweli," nikasema.

"Zipi?"

"Zote."

Alisoma barua ya Stela mara mbili. Nilingoja anifukuze. Akauliza, "Huyu Magreth anaendeleaje?" Nikasema ananyonyesha. Ndipo akasema, "Basi kaa chini." Tumeandika barua kwa kampuni kwamba mada imeondolewa. Nimeinywa aibu hiyo hadi tone la mwisho, kwa sababu niliisaini kwa jina langu. Amenipa hadi mwisho wa msimu wa kuchuma. Nikileta ukweli, hata kama ni ukweli mbaya, ataupokea. Nisipoleta, nirudie mwaka.

Sikukasirikia uongo peke yake. Nimeumia kwa sababu nilikuamini kuliko vipimo vyangu. Kwa nini, Mwalimu?

Levina


Itundwe
10 Machi 2024

Binti yangu Levina,

Sistahili shikamoo yako, lakini naiitikia. Marahaba.

Unauliza kwa nini. Uliandika, "Ninatumaini wote watavaa." Mimi ni mtu wa zamani, mkubwa wa kazi akisema anatumaini, ameagiza. Na uliposema utarudia mwaka, nikaona ni mimi ninayekufelisha. Miaka yote niliyofundisha nilikuwa na udhaifu huo wa kumsogezea alama mtoto aliyelia. Safari hii nilimsogezea mtu aliyekuwa Morogoro, nikamnyang'anya aliyekuwa mbele yangu anatapika. Nimekwenda kwa Magreth. Nimeomba msamaha mbele ya mama yake na mbele ya yule mtoto mchanga, ambaye alinikojolea. Nimeona ni haki.

Baada ya hapo nikasema, nimewaandikia watu thelathini kwamba wamevaa kitu ambacho mimi mwenyewe sijakivaa. Siku ya Alhamisi, saa moja asubuhi, majani yakidondosha maji, nikavaa ovaroli na glavu na kuingia katika shamba la Stela. Nina miaka sitini na minane. Mke wangu alisimama kwenye kijia amejishika kiuno.

Mstari wa kwanza niliimba. Mstari wa pili nilinyamaza. Mstari wa tatu siukumbuki.

Nilichosikia baadaye ni sauti ya mkasi nyuma yangu, na Stela anasema, "Mwalimu, usitikisike, nitakukata na wewe." Alinipasua ovaroli kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Hewa ikaingia, binti yangu, sijui nikueleze vipi. Wakanimwagia maji, wakanipeleka nyumbani juu ya baiskeli ya Jonasi huku miguu yangu inaburuta. Watoto wa shule walikuwa mapumziko. Wameniona.

Nililala siku nzima. Kesho yake nikakuta Stela yupo uani kwangu na ovaroli ileile iliyopasuka. Ameitandika juu ya mkeka.

"Njoo uone," akasema.

Kifuani imekuwa nyeusi kwa gundi ya tumbaku. Makwapani nyeusi tii, kwa sababu tunachuma na kubana majani kwapani mpaka yajae. Mikono nyeusi, mapaja mbele nyeusi. Kisha akaigeuza. Mgongoni, nyeupe kama ilivyotoka dukani.

Akasema, "Jani tunalikumbatia. Hakuna anayelibeba mgongoni. Sasa mgongo tunaufungia nini?"

Swali hilo nalituma kwako na kwa Dakta Damas. Nimemwambia akuandikie, amekataa, anasema ameshaandika barua moja ndefu mwaka huu na inatosha.

Naweka hapa fomu mpya. Nimeandika upya yote niliyoweza kuthibitisha kwa kuulizana na watu na kwa daftari la zahanati. Pale nisipojua nimeandika "sijui." Neno hili sikuwahi kuliandika kwenye karatasi ya serikali wala ya chuo. Kati ya watu thelathini, kumi na tisa wameugua walau mara moja.

Nisamehe.
Benjamini


Morogoro
18 Machi 2024

Dada Stela na Mwalimu,

Shikamoo Mwalimu. Dada Stela, habari za kazi.

Naandika barua moja kwenu wawili ili msipate nafasi ya kufichana.

Mwalimu, nimekusamehe kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza, na ulipofika mstari wa tatu nilikuwa nacheka na kulia. Tafadhali usirudie jaribio hilo. "Sijui" zako ni kumi na moja, nimezihesabu, na Dakta Damas amesema ndizo zinazomfanya aamini zilizobaki.

Nami ninalo la kuomba radhi. Nilikaa kwenu wiki mbili, nikala kuku wenu, nikaondoka kabla uchumaji haujaanza, na sikurudi kuchuma hata jani moja. Nilichagua vazi kutoka kwenye kitabu cha picha. Ningechuma asubuhi moja tu, Magreth asingeanguka.

Dada Stela, swali lako nimelibeba hadi kwa Dakta Damas. Aliinuka, akaanza kukumbatia majani hewani katikati ya ofisi, huku anajitazama kifuani na kwapani. Mwisho akasema, "Mwambie ashone." Kwa hiyo nakuomba ushone. Nimetuma nailoni nyepesi meta arobaini, ile ya makoti ya mvua, pamoja na barua hii. Pamba ya nyuma chagua mwenyewe. Ninaomba mambo mawili tu: usitumie mifuko iliyowahi kuwekwa dawa ya wadudu hata ikifuliwa vipi, na asiyetaka kuvaa asilazimishwe. Tunataka kujua sababu yake.

Levina


Itundwe
29 Machi 2024, Ijumaa Kuu

Dada Levina,

Nilisema siandiki tena. Haya.

Nimeshona mavazi kumi na mawili, na nailoni iliyobaki inatosha kwa wengine wote. Mbele ni nailoni kutoka shingoni hadi chini ya goti. Mikono ni mirefu, na kwapani nimeweka kipande cha pili kwa sababu pale ndipo panapoloa kwanza. Mgongo ni wazi, una kamba mbili tu za kufunga, na chini yake mtu anavaa blauzi yake ya pamba. Miguu inapita hewa. La kwanza lilimbana Magreth hata asiweze kuinua mkono, nikalifumua. La pili lilikuwa na mfuko mbele, na mfuko ukajaa maji kama bakuli. Nikautoa. La tatu ndilo.

Tena tumekubaliana na wenzetu wa kikundi: asubuhi tunaanza na kupalilia na kuchanja kuni za bani, tunaingia kuchuma umande ukishapungua. Wanaume wamenung'unika kidogo. Tumewaacha wanung'unike.

Mwalimu anaandika fomu, mimi nazikagua kila Ijumaa kabla hajafunga bahasha. Amekuwa mkali sana sasa. Jana amemwandika mkewe "hakuvaa" na nyumbani wamenuniana.

Pasaka njema.
Stela


Itundwe
27 Aprili 2024

Binti yangu Levina,

Marahaba.

Tumemaliza kuchuma. Hizi ni fomu za mwisho, zimekaguliwa na fundi Nibizi, ambaye anastahili kuwa mkaguzi wa wilaya.

Katika majuma haya manne, kati ya watu thelathini, ishirini na wanne walivaa siku nyingi. Waliougua ni watano. Sita hawakuvaa. Sababu zao nimeziandika kama walivyozitamka. Wawili wanasema nailoni inawawasha shingoni. Stela ameanza kuikunjia kitambaa. Mmoja alikuwa Tabora kwa mgonjwa. Mwingine ni mke wangu, anasema hawezi kuvaa kitu kilichobuniwa siku niliyomtia aibu. Wa tano hakutoa sababu. Na Jonasi anasema akivaa anafanana na mama ntilie. Nimemwambia mama ntilie hatapiki shambani. Amesema atafikiri.

Usidhani wale watano waliougua wote walivaa vibaya. Watatu walivaa vizuri kabisa na bado waliugua, siku ile mvua ilipotukuta katikati ya shamba. Vazi hili linapunguza, halimalizi. Nimeona nikuandikie wazi, usije ukasimama tena mbele ya ukuta.

Sasa la furaha. Jumatano nilipita kwa akina Nibizi jioni na fomu yangu. Magreth alikuwa ametoka kuchuma tangu saa nne. Nikamkuta ameketi uani, mtoto kwenye titi la kushoto, mkono wa kulia kwenye sahani ya ugali na mlenda. Nikauliza kama kawaida, "Kizunguzungu? Kichefuchefu?" Akatikisa kichwa, mdomo umejaa. Alipomeza akamwambia dada yake, "Niongeze." Fomu yako haina mahali pa kuandika hilo, nimeliandika pembeni.

Benjamini


Morogoro
21 Juni 2024

Dada Stela,

Salamu nyingi, na shikamoo kwa Mwalimu.

Leo nimetetea utafiti wangu mbele ya watahini wanne. Nimefaulu. Kuna masahihisho kurasa tatu, lakini nimefaulu!

Nilianza kwa kueleza kosa. Nilieleza ovaroli thelathini, asali, malaika na nyani, na ukumbi ulicheka hadi mtahini wa nje akaomba maji. Kisha nikaeleza habari ya Magreth, hakucheka mtu. Kisha nikatundika vazi lako ubaoni, nikawageuzia upande wa nyuma.

Mtahini wa nje akafungua ukurasa wa kwanza. "Hapa kuna majina mawili ya waliobuni," akasema. "Huyu S. Nibizi ni wa idara gani?"

"Ni fundi cherehani wa Itundwe, Urambo."

"Amesomea nini?"

Nilitaka kusema kitu cha kisomi. Kikatoka hiki: "Amesoma migongo ya watu."

Dakta Damas alikohoa. Nadhani alikuwa anacheka.

Wamekubali jina lako libaki, na limetangulia la kwangu kwenye sura ya vazi. Yule bwana wa kampuni alikuwepo tena. Alinifuata nje akataka nimpe karatasi ya kukatia. Nikamwambia mimi sina haki nayo, mwenye nayo yuko Itundwe na anapatikana kibarazani kwake. Jiandae, anaweza kuja. Usisaini kitu bila kumsomea Mwalimu.

Mwezi Januari nitakuja kuchuma. Nimechukua kipimo changu: kifua 90, mkono 58. Nishonee.

Levina


Itundwe
12 Oktoba 2024

Mdogo wangu Levina,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuita mdogo wangu kwa sababu umeomba nikushonee, na mtu nikishamshika kipimo siwezi kumwita mgeni.

Yule bwana alikuja Agosti, kwa gari lenye kiyoyozi. Alikaa kibarazani, akashika vazi, akalisifu. Akasema watashona Dar es Salaam, mengi, kwa mashine kubwa. Nikamwuliza, "Mgongo mtauachaje?" Akasema, "Tutaufunga kidogo, litapendeza zaidi kwenye picha."

Nikamwambia ahsante kwa kututembelea.

Mwalimu alisema nimefanya haraka. Tukabishana hadi chai ikapoa. Nikamwambia, kila kijiji cha tumbaku kina fundi anayekaa kibarazani akingoja sare za shule na nguo za harusi. Huyo fundi anawajua wachumaji kwa majina. Anajua nani kifua kipana na nani mjamzito. Kwa nini tusimfundishe huyo? Mwalimu akafikiri, akasema, "Nitakuandikia tangazo." Nikamwambia, "Liandike, halafu nilikague."

Limesomwa kwetu baada ya misa, limesomwa kwa Wamoravian, limesomwa hadi Ulyankulu. Linasema: fundi yeyote aje na mashine yake na mkasi wake, siku tatu, mkato haulipiwi, ila anayejifunza aahidi mgongo ataacha wazi na afundishe mwingine. Nilitegemea watakuja wanne.

Mzee Viktori wa Ulyankulu alifika jana jioni, cherehani ameifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira wa gurudumu. Amelala kwa Mwalimu. Asubuhi hii, nilipokuwa nafagia, nikasikia kengele za baiskeli barabarani. Nikatoka. Wanakuja kwa mstari, mdogo wangu, kila mmoja na cherehani yake imefunikwa kanga au gunia, wengine wanasukuma kwa miguu kwa kuogopa makorongo yasivunje mashine. Nimehesabu kumi na saba nikaachia hapo. Magreth amekwenda kuazima mikeka kwa majirani. Jonasi, yule wa mama ntilie, anawaelekeza njia kama polisi wa barabarani, na amevaa lake. Amelivaa kinyume, mgongo mbele, lakini amelivaa.

La kwako liko tayari. Mkono 58 ulijipima vibaya, nimeongeza.

Niishie hapa, wanaingia uani na sijainjika hata sufuria ya chai.

Stela Nibizi,
fundi